Jinsi ya kununua pawa ampu ya zamani ya mtumba na kuifufua bila kuunguza spika

Kama unataka saundi ya ukweli sebuleni kwa hela ya kawaida, achana na hayo masabufa yenye taa za disko yaliyoandikwa PMPO (wati za kufumba na kufumbua) 8000. Geuza nyuma usome kibati chake utakuta kimeandikwa linakula wati 60 za umeme, sasa hizo 8000 zinatoka wapi? Tafuta pawa ampu ya miaka ya 70 au 80, ile ya chuma kitupu ambayo ukiinyanyua unajua umenyanyua kitu. Zile zilikuwa hazidanganyi sana, na kule Marekani kuanzia mwaka 1974 serikali iliweka kabisa sheria kwamba mtengenezaji akitangaza wati za ampu ya nyumbani lazima ziwe wati za kupiga mfululizo, sio za kupasuka mara moja na kuzima. Ndo maana ampu ya wati 40 ya enzi hizo inaweza kuaibisha mzigo mpya wa dukani.

Ila shida ni kwamba ni kitu cha miaka arobaini na zaidi, kimepita mikono mingi, kimetoka kwenye kontena la vyombo vya nyumbani kutoka Japani au Uingereza, na mtu anayekuuzia Kariakoo Dar au Luthuli Avenue Nairobi mara nyingi anajua kitu kimoja tu, kwamba taa inawaka. Kwa hiyo kazi ya kuchunguza ni yako.

Msimamo wangu kabla hatujaenda mbali: kwenye ampu ya zamani unanunua transfoma, hitsinki (kile chuma cha mapezi cha kupozea transista) na boksi. Basi. Kapasita (vile vikopo vya kutunza umeme) zinabadilishwa, relei (swichi ya ndani inayojifunga yenyewe kuunganisha spika) zinabadilishwa, transista nyingi zina mbadala, swichi zinasafishwa. Transfoma ikiungua ndo umenunua chuma chakavu, maana kuiwaindi upya ni kazi ya fundi mzuri na gharama yake inaweza kukaribia bei ya ampu yenyewe. Kwa hiyo usihangaike sana na jina lililoandikwa mbele wala mikwaruzo ya kava, hangaika na vitu visivyopatikana tena.

Na kuna vitu viwili vingine visivyopatikana, vijue kwa majina. Cha kwanza ni ampu zilizotumia transista za V-FET katikati ya miaka ya 70, Sony walikuwa nazo na Yamaha pia, mfano Yamaha B-1 na B-2. Ni ampu tamu mno ila ile transista ikifa kuipata nyingine original ni kama bahati nasibu, kwa hiyo kama ni ampu yako ya kwanza ipite tu. Cha pili ni zile zenye kipande kimoja cheusi kirefu chenye miguu mingi kilichofungwa kwenye hitsinki kimeandikwa STK na namba. Kile ni ampu nzima ndani ya kipande kimoja, Sanyo ndo walikuwa wanavitengeneza, siku hizi vingi vilivyoko sokoni ni feki. Ikiwa nzima na bei ni ndogo chukua, ikiwa imekufa achana nayo. Unachotaka wewe ni ampu yenye transista moja moja, zile za kofia ya chuma zenye skrubu mbili au zile bapa nyeusi kubwa, kwa sababu hizo hata original isipopatikana kuna mbadala wa kisasa tena wenye nguvu zaidi.

Pawa ampu sio ampu ya kawaida

Wengi wanachanganya hapa. Ampu ya kawaida ina kila kitu, volyumu, besi, trebo, sehemu ya kuchagua redio au deki. Pawa ampu yenyewe ni msuli tu, nyingi hazina hata kitasa cha volyumu, zinategemea priampu, kile kifaa chenye volyumu na vitasa, mbele yake. Sasa mtu anainunua, anachomeka laptopu au dekoda moja kwa moja, sauti inatoka yote kwa mkupuo na twita (spika ndogo za trebo) zinaungua. Kama huna priampu unaweza kutumia simu au kompyuta ila hakikisha volyumu ya huko iko sifuri kabla hujawasha, alafu upandishe taratibu.

Mfano mzuri ni Quad 405 ya Uingereza, ilitoka mwaka 1975, wati 100 kila upande, boksi dogo ambalo mbele ni hitsinki tupu, halina kitasa hata kimoja. Mimi naipenda kwa mtu anayeanza kwa sababu mfumo wake hauna bayasi (ule umeme mdogo unaopita kwenye transista za nguvu hata bila mziki) ya kurekebisha kabisa, hakuna kijiskrubu cha fundi fulani kuja kukizungusha akaharibu. Lakini zile za mwanzo zinaingiza sauti kwa tundu la DIN (la duara lenye vitundu kadhaa), kwa hiyo utatafuta au utatengeneza waya wa kutoka RCA (zile plagi nyekundu na nyeupe) kwenda DIN, na pia inahitaji nusu volti tu kufika mwisho wa nguvu zake wakati vifaa vya sasa vingi vinatoa volti 2, yaani ukigusa volyumu kidogo tu imeshapaa. Dawa yake ni kupunguza kwa rezista mbili kila upande kwenye huo huo waya. Na haina relei ya kulinda spika, hilo likumbuke tukifika kwenye DC (umeme wa moja kwa moja) huko chini.

Volti, hapa ndo nyingi zinafia

Kabla hujauliza bei, geuza ampu nyuma usome imeandikwa volti ngapi. Umeme wetu Tanzania ni volti 230, Kenya 240, wote hezi 50. Ampu iliyotoka Uingereza au Ujerumani kwa kawaida inakubali umeme wa huku. Iliyotengenezwa kuuzwa nje kwa jumla mara nyingi ina swichi ya kuchagua 110, 120, 220, 240, angalia iko wapi na usiamini kwamba mwenye duka ameshaiweka sawa.

Iliyotoka Japani kwa matumizi ya Japani ni volti 100. Sio 110, ni 100 kamili. Ukiichomeka ukutani hapa inakufa ndani ya sekunde, na ukiikuta sokoni imekufa na imeandikwa 100V basi jua kabisa kuna mtu alishafanya hivyo, hapo ni transfoma ndo imekula kipigo na wewe tembea zako.

Sasa hizi stepdauni (transfoma za kushusha volti za ukutani) zinazouzwa mitaani nyingi zinatoa volti 110. Ukiiwekea ampu ya 100 inawaka na itapiga, lakini imezidishiwa asilimia 10, na umeme ukipanda usiku ukafika 245 ile 110 nayo inakwenda kwenye 117. Volti za ndani zote zinapanda kwa kiwango hicho hicho, kapasita iliyokuwa inabeba volti 50 inajikuta inabeba 55 na zaidi, hitsinki inachemka, na miaka yenyewe ndo hiyo arobaini. Tafuta stepdauni yenye tundu la 100, zipo, au mpe fundi wa kuwaindi mota akutengenezee. Ukubwa wake uwe mara mbili ya wati ambazo ampu imeandikwa inakula, ampu ya kula wati 400 ipe stepdauni ya 800 au 1000 VA. Na iwe ya chuma nzito. Kuna vile vidude vyepesi vya kusafiria vimeandikwa wati 1600, ni vya pasi na draya ya nywele, havitoi umeme msafi, usiviweke kabisa kwenye ampu.

Ampu za soko la Marekani, mfano Adcom GFA-555 au Hafler DH-200 ambazo jamaa wa diaspora wanarudi nazo kwenye makontena, soma nyuma zao kwa makini pia. Kama imeandikwa 120V 60Hz peke yake, tatizo ni volti na pia hezi. Transfoma iliyopigiwa hesabu ya hezi 60 ukiiwekea 50 chuma chake kinaelemewa, inaunguruma yenyewe na inapata moto hata bila kupiga mziki. Sio lazima ife ila iwashe kwa stepdauni nusu saa bila sauti, ichomoe, alafu uguse transfoma, kama huwezi kuacha mkono pale basi hiyo sio ya huku kwetu. Za Kijapani hazina shida hiyo kwa sababu Japani yenyewe Tokyo ni hezi 50 na Osaka ni 60, kwa hiyo walikuwa wanatengeneza za kukubali zote.

Siku ya kwenda kuiona

Beba multimita, tochi, bisibisi ya nyota, waya wa RCA, simu yenye mziki unaoujua vizuri, na spika moja ya bei rahisi ambayo ikiungua hulii. Usikubali kujaribu kwa spika zake za dukani zilizofungwa dari, pale kila kitu kinapiga vizuri.

Kabla ya kuwasha iguse. Kama ni ya moto ina maana ameshaiwasha kabla hujafika, na ampu nyingi zenye ugonjwa zinaficha zikishapata moto, relei inagoma asubuhi ikiwa baridi ila mchana inakubali. Mwambie mzee unaenda kunywa chai utarudi, aiache imezimwa.

Angalia skrubu za kava. Zikiwa vichwa vimeliwa au zimepungua kuna fundi alishaingia humo, sio dhambi ila sasa una haki ya kuomba kava lifunguliwe. Muuzaji akikataa kabisa kufungua punguza bei unayotaja au ondoka. Ndani unatafuta vitu hivi: fyuzi iliyofungwa waya au karatasi ya sigara (hiyo ni dalili kwamba fyuzi ilikuwa inakatika na mtu akaamua kuilazimisha, mimi hapo huwa siendelei), masizi juu ya bodi, kapasita kubwa zilizovimba kichwa au zilizotoa maji chini, na transista za upande wa kulia zikiwa tofauti na za kushoto. Upande mmoja ukiwa na transista mpya zinazong'aa na mwingine zina vumbi la mwaka 1980, huo upande ulishawahi kulipuka, uliza ulilipukaje.

Kwa ampu za Kijapani chunguza pia gundi. Walikuwa wanamwaga gundi ya rangi ya njano kushikilia kapasita kubwa, na baada ya miaka mingi ile gundi inageuka kahawia, inakuwa ngumu, inakula miguu ya vipande vya jirani na inaanza hata kupitisha umeme. Inasafishika kwa kukwangua na spiriti ila ni kazi ya jioni nzima, itumie kwenye kushusha bei. Huku pwani ongeza chumvi ya hewani, angalia matundu ya RCA na miguu ya transista kama imeota kijani. Na mende. Mende anapenda ampu kuliko kabati la jikoni kwa sababu kuna joto, na kinyesi chake kinakula bodi.

Kama unataka kujua wati za ukweli bila kuuliza mtu, ikiwa imewaka pima DC kwenye kapasita moja kubwa. Toa kama 5, zidisha jibu kwa lenyewe, gawa kwa 16. Ikisoma volti 40 unabaki na 35, mara 35 ni 1225, gawa 16 unapata kama wati 76 kwa spika ya omu 8. Sio hesabu ya maabara ila muuzaji akikwambia hiyo ni wati 300 utakuwa na cha kumjibu.

Umefika nayo nyumbani, usiichomeke ukutani

Hii ndo sehemu ambayo ningeomba usiruke. Tengeneza kitu kinaitwa balbu ya kujaribia: chukua holda, balbu ya waya ya wati 100, soketi na plagi, alafu ule waya wa moto unaoenda kwenye soketi upitishe kwanza kwenye balbu. Yaani umeme kabla haujafika kwenye ampu lazima upite kwenye balbu. Iwe balbu ya zamani ya filamenti, sio LED wala enaji seva, na kama duka la mtaani hawana nenda kwenye maduka ya vifaa vya kuku, zile za kulelea vifaranga zinafaa kabisa. Kama ampu ni ya volti 100 balbu inakaa upande wa ukutani kabla ya stepdauni.

Spika usifunge bado. Washa. Balbu ikiwaka kwa nguvu sekunde moja alafu ikafifia hadi karibu kuzima, hiyo ni kapasita zilikuwa zinajaa, ampu inaelekea kuwa salama. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo hivyo kuna shoti ndani, zima, na hongera kwa sababu bila balbu ingekuwa moshi. Isipowaka hata kidogo umeme haufiki kabisa, fyuzi au swichi au transfoma imekatika. Ikiwa na balbu usishangae relei isipolia ule mlio wake wa "tik", volti zinakuwa zimepungua, sio ugonjwa.

Na humo ndani kwa heshima. Kapasita kubwa zinabaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi, plasi 50 na minasi 50 ni volti 100 kwa mtu atakayegusa zote mbili. Zitoe chaji kwa rezista ya omu 220 ya wati 5, iweke kwenye miguu ya kapasita kwa sekunde kumi na tano kisha pima kwa mita uone iko karibu na sifuri. Sio kwa bisibisi, ile cheche inaharibu kapasita na bisibisi pia. Ukiwa unapima ikiwa imewashwa mkono mmoja uwe mfukoni.

DC kwenye spika

Balbu ikikubali, weka multimita kwenye DC, pima kwenye tundu za spika upande wa kulia kisha kushoto, bila mziki na bila spika. Pawa ampu nzima inasoma milivolti chache, chini ya 50 ni nzuri, hadi 100 naweza kuvumilia. Ikisoma volti 2, 5 au 40, ampu inasukuma umeme wa moja kwa moja kwenye spika, koni inasogea mbele inaganda pale na koili inachemka hadi inaungua. Ndo spika nyingi zinavyokufa, watu wanadhani ni volyumu.

Ampu yenye relei ya kulinda itakataa kufunga ikiona DC, kwa hiyo kwenye tundu za spika utasoma sifuri na utadhani ni nzima. Pima kabla ya relei, yaani kwenye mguu wa relei unaotoka kwenye bodi. Zisizo na relei kama ile Quad hazina huruma, mimi huwa naweka fyuzi kwenye waya wa spika au kabodi kadogo ka kulinda spika, wanauza maduka ya spea za elektroniki na ni rahisi kufunga.

DC ndogo ya milivolti 150 hivi inatokana na zile transista mbili ndogo za mwanzo kabisa ambazo zinatakiwa kufanana, moja ikizeeka kuliko mwenzake zinaachana. Zibadilishe zote mbili kwa pamoja, chagua zinazosoma namba moja kwenye kipimo cha hFE (uwezo wa transista kukuza) cha multimita. DC kubwa inayokaribia volti za kapasita ni transista ya nguvu iliyokufa shoti, au rezista iliyokatika.

Ugonjwa na dalili zake

Upande mmoja unapotea potea alafu ukiongeza volyumu unarudi: asilimia kubwa ni relei. Ndani yake vile vibati vimepata weusi, sauti ndogo haipiti, kubwa inapita. Fungua kikava chake, kata kipande cha karatasi nyeupe ukiloweshe spiriti, kibane kati ya vibati uvute mara kadhaa hadi kitoke kisafi. Msasa hapana, unakwangua ile ngozi ya juu na baada ya muda mfupi uko pale pale. Relei mpya sio ghali, ya volti 24 mara nyingi, soma juu yake ununue yenye volti zile zile. Kabla ya yote lakini badilisha waya za RCA kulia ziende kushoto, tatizo likihama upande basi sio ampu, ni waya au chanzo cha mziki.

Relei hailii kabisa: pima DC kama nilivyosema. Ikiwa pande zote ziko sifuri basi ugonjwa uko kwenye bodi ya kulinda yenyewe. Nyingi za Kijapani za miaka ya 80 zinatumia aisii ndogo yenye miguu ya mstari mmoja, uPC1237 au TA7317, na kabla hujailaumu badilisha zile kapasita ndogo mbili tatu zinazoizunguka, hizo ndo zinakufa kwanza.

Mngurumo: chomoa waya zote za kuingiza sauti. Ukiisha, shida ni aethi kati ya vifaa vyako, labda dekoda na waya wa antena ya dishi. Ukibaki ule ule pande zote na ni mngurumo wenye makali kidogo wa hezi 100, kapasita kubwa zimechoka. Ukibaki upande mmoja tu sio kapasita kubwa, maana mara nyingi zinalisha pande zote, tafuta lehemu iliyopasuka karibu na tundu la RCA la upande huo.

Sauti ya mafuta yanayokaangia chipsi, inakuja na kuondoka hata volyumu ikiwa chini, hiyo ni transista ndogo iliyozeeka. Kuna namba zina jina baya kabisa kwa hili, 2SA726 na 2SC458, ukiziona kwenye bodi zitoe zote hata kama leo hazipigi kelele. Angalia mpangilio wa miguu wa hiyo mbadala, za Kijapani na za Ulaya miguu inatofautiana na hapo ndo watu wanalipua.

Fyuzi inakatika papo hapo: chomoa umeme, toa chaji, weka multimita kwenye alama ya dayodi. Anza na briji ya dayodi (zile dayodi nne zinazogeuza umeme wa transfoma kuwa DC), kisha transista za nguvu. Transista nzima itasoma 0.5 hadi 0.7 kutoka mguu wa besi (base, sio besi ya mziki) kwenda miguu mingine kwa mwelekeo mmoja na haitasoma kitu kwa mwelekeo wa pili. Ikisoma sifuri kotekote ni shoti. Na ikifa ya nguvu usibadilishe hiyo peke yake, angalia inayoisukuma pamoja na zile rezista nyeupe za saruji, huwa wanakufa kama ukoo, ukiacha mmoja mgonjwa unaua transista mpya kwenye kuwasha tu. Ukifunga mpya rudishia kile kikaratasi cha mika na paka krimu ya joto pande zote mbili, kisha pima kwamba kofia ya transista haigusani na hitsinki.

Sauti ya chini inakwaruza ila kubwa iko sawa: bayasi imeshuka.

Kuweka bayasi

Ile rezista nyeupe ya saruji iliyoandikwa 0.22 au 0.33 iko karibu na transista ya nguvu. Weka multimita kwenye milivolti, pima kati ya miguu yake, hamna spika, hamna mziki, ampu imekaa imewashwa dakika 20 hivi. Milivolti 11 juu ya 0.22 ni miliampea 50. Kama una kitabu cha ampu yako fuata namba yake, na usipokuwa nacho baki kati ya miliampea 20 na 50, anzia 20.

Kile kijiskrubu cha kurekebishia kama ni cha wazi, cha zamani, weka alama ya wino kilipo kabla hujakigusa. Tena bora ukibadilishe kabisa kwa kipya cha mizunguko mingi, maana kile cha zamani kikikosa mgusano sekunde moja tu wakati unazungusha, kwenye ampu nyingi bayasi inapaa hadi juu na transista zinaondoka na multimita yako ikiwa bado inatafuta namba. Zungusha kidogo, subiri dakika, soma, zungusha tena.

Kuhusu spea

Usibadilishe kapasita zote siku moja. Najua kuna watu wanafurahia kutoa kila kitu, ila ukibadilisha vipande arobaini na ampu ikagoma utaanzia wapi? Fanya upande mmoja, washa kwa balbu, pima DC, piga mziki, ndo uende wa pili. Kapasita iwe ya digrii 105, maikrofaradi zile zile au zizidi kama asilimia 20, volti zile zile au zaidi, na mstari wa minasi uangalie mara mbili.

Transista za nguvu ndo kwenye utapeli. 2SC5200 na 2SA1943 zinauzwa kila kona na feki zimejaa. Feki nyingi maandishi yake yanafutika ukipaka spiriti, mgongo wake ni mwepesi, na ukizipima hFE kila moja inasoma namba yake. Mimi bora nitoe original kwenye ampu iliyokufa kuliko kununua mpya ya kubahatisha. Kwa zile za kofia ya chuma, MJ15003 na mwenzake MJ15004 zinabeba ampu nyingi za wati 100 kwenda chini, ila linganisha kwanza na karatasi ya maelezo (datasheet) ya transista unayoitoa.

Ikishapona

Iweke pahala pa hewa, vidole vinne juu yake viwe wazi, na kile kitambaa cha kufuma cha mama kisikae juu ya kava hata kama kinapendeza. Usifunge spika za omu 4 pea mbili kwa pamoja kwenye tundu za spika A na B, ampu inaona omu 2 na nyingi za zamani hazikujengwa kwa hilo. Inveta zile za bei rahisi zisizotoa wimbi safi zinafanya transfoma iimbe, zima ampu umeme ukikatika, na ukirudi subiri dakika kadhaa ndo uwashe maana unarudigi kwa kishindo. Baada ya mwezi wa kupiga fungua tena, pima DC na bayasi kwa mara nyingine, vipande vipya vinakuwa vimetulia na namba huwa zimehama kidogo.